Swali la Kandambili Lililofutwa

Jumamosi ile, saa tano na dakika kumi asubuhi, mtu nisiyemjua aliuliza swali kwenye jukwaa letu la mtandaoni. Saa tano na dakika kumi na mbili akalifuta mwenyewe.

Dakika mbili tu.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu. Nisingekuwa na umbea wa kutaka kujua watu wanafuta nini, leo ningekuwa nasimulia mambo mengine kabisa.

Nianze nyuma kidogo, msije mkanipotea.

Kazi yangu ni kukata vioo vya miwani kwenye duka la watu. Hiyo ndiyo inayonilisha. Inayonipa raha ni uyoga.

Usicheke. Wenzako wanafuga njiwa, wengine wanagombana na wake zao kwa sababu ya mpira. Sisi mvua ikikatika tunaingia vichakani, tunapiga picha uyoga, tunarudi kubishana. Jukwaa letu linaitwa Kikapu. Lilianzishwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa baiolojia, tukiwa watu sita. Sote tunamwita Mwalimu.

Ndani ya miaka minne tukafika watu elfu ishirini na kitu. Hakuna hata mmoja anayelipwa. Unaweka picha, unauliza, "Huyu analika?" Kwetu uyoga ni "huyu", kama jirani yako. Wanaojua wanakujibu.

Na kila mgeni hufundishwa jambo moja kabla ya yote: akivaa sketi na soksi, mwache apite. Sketi ni ule utando unaozunguka shina. Soksi ni ule mfuko mweupe uliojificha chini kwenye udongo. Ukiviona vyote viwili, huyo usimpeleke jikoni.

Tatizo letu lilikuwa moja. Kadiri tulivyokua picha zilijaa, na seva ya kuzihifadhi si ya bure. Mwalimu alikuwa analipia kwa pensheni yake. Juu ya ukurasa aliandika mstari mmoja: "Ukiweza, changia. Usipoweza, karibu vilevile." Watu waliupita kama tangazo la dawa ya mende.

Mwaka jana tukaletewa notisi. Tulipe ndani ya wiki mbili, au Kikapu kinazimwa na picha zote zinapotea.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja.

Nikaleta wazo la nyota. Anayechangia anawekewa nyota ya dhahabu mbele ya jina lake, kila mtu aione. Na wenye nyota wanajibiwa kwanza. Michango ya fedha taslimu nikaipiga marufuku. Kila kitu kipite kwenye simu, na jina lako kamili.

Mwalimu hakupenda. Alinipigia, akazunguka weee, mwisho akasema, "Binti yangu, kitu cha hiari ukikibandika usoni pa mtu, si hiari tena."

Nikamwambia mkono mtupu haulambwi, na kwamba pensheni yake haiwezi kuwabeba watu elfu ishirini. Nilikuwa na ulimi siku zile. Akasema nifanye ninavyoona.

Nikafanya. Ndani ya wiki moja seva ikalipwa ya mwaka mzima. Kichwa kikavimba. Nikatunga na ujumbe wa kujituma wenyewe kwa kila muulizaji asiye na nyota: "Asante kwa swali lako. Kwa sasa tunaanza na wenye nyota. Je, ungependa kuwa mwenye nyota leo?"

Niliuona una adabu kabisa.

Sasa turudi Jumamosi.

Nilikuwa dukani, mashine inasaga kioo cha mama mmoja aliyekaa kwenye benchi ananisubiri. Simu ikatetema mfukoni. Kioo hakiachwi katikati, kwa hiyo nikamaliza kwanza, nikafuta mikono, ndipo nikaangalia.

"Swali hili limefutwa na aliyeliuliza."

Sisi wasimamizi hubaki na nakala kwa siku tatu. Nikafungua.

Muulizaji alijiita Kandambili. Ana miaka miwili kwenye jukwaa, hana nyota, hana picha, na hajawahi kuandika hata salamu. Swali lake lilikuwa hivi: "Habari za asubuhi wote. Nimewaokota hawa leo nyuma ya tangi la maji. Nauliza kama wanalika, maana mchana nina mgeni."

Chini yake ulikuwepo ujumbe wangu wa adabu. Chini ya ujumbe wangu hakukuwa na kitu.

Nikafungua picha. Uyoga tisa juu ya gazeti. Kofia za kijani kilichopauka, chini nyeupe pepe. Nikaikuza picha.

Sketi.

Nikaikuza zaidi.

Soksi.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Nikaituma kwa mwenzetu mmoja, muuguzi, tunamwita Sista. Hakuchukua hata dakika. Akaandika: "Huyo ni muuaji. Ladha yake nzuri, na aliyemla hasikii kitu mpaka usiku. Tumbo likianza kuuma, ini limeshaanza kuharibika. Mtafute kabla hajala."

Nimtafute kwa lipi sasa?

Wenye nyota tuna majina yao na namba zao za simu. Asiye na nyota tuna barua pepe tu, na ya Kandambili ilikuwa herufi na tarakimu zisizosema kitu. Nikaandika huko, kimya. Nikamtumia ujumbe wa faragha ndani ya Kikapu, haukufunguliwa.

Hata mahali picha ilipopigwa sikuweza kupajua. Waokota uyoga ni wachoyo wa vichaka vyao kuliko unavyodhani. Miaka mitatu nyuma tulipiga kura kwamba kila picha ifutwe taarifa za mahali, watu wasiibiane. Na mimi nilikuwa mstari wa mbele kushabikia.

Nikabandika tangazo juu kabisa kwa herufi kubwa: KANDAMBILI, USILE UYOGA HUO. TUPIGIE.

Watu wakaanza kuja. Mmoja akasema labda huyo anatania. Mwingine akaniombea. Wa tatu, mwenye nyota, akauliza swali lake litajibiwa lini, maana yeye amelipa. Nilimjibu vibaya, na sijamwomba radhi mpaka leo.

Saa sita ikagonga. Nikampigia Mwalimu, hapatikani. Jumamosi huwapeleka wanachama wapya msituni, na kule hakuna mtandao. Nikapiga mara kumi na moja.

Yule mama wa miwani akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Nikamkabidhi miwani yake bila kumjaribisha usoni, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Saa sita na nusu simu ikaita, nikairukia. Alikuwa baba.

Baba yangu ni fundi bomba mstaafu. Mama alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo anaishi peke yake upande wa pili wa mji na anajipikia. Uyoga wangu hakuwahi kuuheshimu. Mbele ya shangazi zangu alishasema kwamba hiyo ni kazi ya wasio na kazi.

Nikakata simu. Nikamtumia ule ujumbe ulio tayari: "Niko kazini, nitakupigia."

Akapiga tena. Nikakata tena. Nilikuwa natafuta mtu wa kuokoa, sikuwa na muda wa maongezi.

Saa saba na dakika arobaini Mwalimu akapiga. Nilimwaga kila kitu bila hata kumwamkia: picha, sketi, soksi, mgeni wa mchana. Nilipomaliza, akauliza jambo moja tu.

"Umesema anajiita nani?"

"Kandambili."

"Acha kazi sasa hivi, uende kwa baba yako."

Nikamwambia hajanielewa, baba hana shida, shida ni huyu Kandambili.

"Binti yangu, Kandambili ndiye baba yako. Aliniapisha nisikwambie."

Sikumbuki nilivyotoka dukani. Bosi anasema nilitoka na aproni. Nakumbuka nikiwa juu ya pikipiki ya kukodi, nampigia baba, inaita mpaka inakatika. Nampigia tena, inaita mpaka inakatika. Dereva alitaka tuelewane bei kwanza, nikamwambia ataje yoyote.

Njiani ndipo akili ikafunguka. Jumapili iliyopita nilimwahidi baba kwamba Jumamosi nitakwenda kula kwake. Nikasahau kabisa. Mgeni wa mchana nilikuwa mimi.

Nilimkuta jikoni, anaosha sufuria, anapiga mluzi. Simu yake iko chumbani kwenye chaja.

"Umekuja?" akasema, na furaha ilimjaa usoni. "Nikajua umebanwa, nikala. Chako nimekifunikia pale."

"Baba, umekula uyoga?"

Akatazama chini kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Kidogo tu. Kumbe mtamu hivi."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na robo. Nilikusubiri mpaka hapo."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Nikazoa maganda, masalia na sahani yangu ilivyofunikwa, nikatia kwenye mfuko, nikamshika baba mkono. Alibisha njia nzima. Anajisikia vizuri, namwaibisha mbele za watu, vitanda vya hospitali ni vya wagonjwa.

Sista, niliyemwarifu njiani, alishawapigia simu hospitali. Walitupokea mlangoni. Wakamnywesha unga mweusi wa mkaa uliokorogwa kwa maji, wakamtundikia dripu mbili. Daktari alitazama ule mfuko, akanitazama mimi, akaniambia tumewahi, lakini hawezi kuniahidi kitu.

Mwalimu alikuja na matope ya msituni kwenye viatu. Kwenye korido ndipo aliponieleza.

Miaka miwili iliyopita baba alikwenda nyumbani kwake na bahasha. Akasema ni ya seva, na mimi nisijue. Kila tarehe moja, bila kukosa, alikwenda na bahasha. Kwa muda mrefu alikuwa mchangiaji pekee tuliyekuwa naye. Mwalimu ndiye aliyemfungulia ukurasa wake kwenye Kikapu, akawa anasoma kimyakimya kila nilichoandika.

"Ulipoleta nyota nikamwambia sasa ni lazima jina lionekane," Mwalimu akasema. "Akaacha. Alisema ukimwona utamcheka."

Nikarudi wodini. Baba alikuwa amekaa kitandani, mzima kabisa, anamtania muuguzi kuhusu bomba linalovuja kwenye sinki lao. Nilijua kinachokuja. Yeye alikuwa ameambiwa, ila hakuamini. Sijawahi kuogopa namna ile maishani mwangu.

Nikamuuliza kwa nini alilifuta swali.

"Niliambiwa waanze wenye nyota," akasema. "Nikaona nisiwajazie foleni. Halafu ni kazi yako ile, mama. Mimi nikae naomba vya bure kwenye kazi ya mwanangu?"

"Sasa kwa nini hukunipigia?"

Akanishangaa. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Si nilikupigia."

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa wote. Akanipigapiga mgongoni, akawaambia wenzake kwamba nina njaa, sijala tangu asubuhi.

Alfajiri maumivu yakaanza. Sitasimulia siku zile tatu, kwa sababu ni za baba na hapendi zisimuliwe. Siku ya nne macho yake yalikuwa ya manjano kama bizari, na daktari akaniuliza kama tuna ndugu wa kuitwa. Shangazi zangu wakaja. Siku ya saba akaomba uji. Siku ya kumi na moja tukatoka naye, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Daktari alisema ingekuwa jioni tulipomleta, tungezungumza mengine.

Nyota nilizifuta kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, kabla hata hajatoka hospitali. Ujumbe wangu wa adabu nao nikaufuta. Niliandika kilichotokea, na wako waliodai warudishiwe chao. Tukawarudishia. Mstari wa Mwalimu ukarudi juu ya ukurasa. Mwaka wa seva ukiisha hatujui tutalipaje, na hatujui itakuwaje mwakani, sikudanganyi.

Kama na wewe unaendesha kitu cha watu kwa kujitolea, omba mchango, wala usione haya. Seva hailipwi kwa dua. Lakini mchango wa hiari ukishaupangia foleni, umeugeuza nauli. Na asiye na nauli hapigi kelele wala hagombani na mtu. Anashuka kimya kimya.

Baba yangu alishuka kimya kimya, na kondakta nilikuwa mimi.