Shati la Bluu la Egwang

Watu wa Chakol wana nguo za kanisani na nguo za matanga, na nguo ya kuchungia ng'ombe ni ile iliyokwisha kushindikana kwingine kote. Egwang peke yake ndiye aliyekwenda kuchunga mtoni na shati zuri. Mkewe, Apolot, alilifukua kwenye mitumba ya Malaba, bluu ya kung'aa, na tangu siku hiyo mzee halitoi mwilini. Majirani walimcheka. Na wacheke! Meno si yao?

Kisha Diwani akaanza kukonda. Diwani ni dume la kulimia, lililopewa jina hilo kwa kula sana na kutembea kwa maringo. Sasa macho yalitoa machozi, manyoya yakasimama, na jembe likamshinda katikati ya shamba. Bila Diwani hakuna kulima, na mvua ilikuwa imekwisha kunyesha.

Akwii, daktari wa mifugo, alimtoa damu sikioni, akaitazama kwa hadubini. Akasema ni nagana, vijidudu vya seli moja vinavyoletwa na mbung'o anapouma. Alimdunga Diwani sindano, kisha akatundika mtego wa kitambaa karibu na mto. Kitambaa kilikuwa cha bluu.

"Mbung'o anapenda hii rangi sana, mzee. Anaiona kutoka mbali," Akwii alisema, akamtazama kifuani. "Na wewe unatembea nayo kando ya ng'ombe kila siku."

Egwang alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Atamwambiaje Apolot? Mama wa watu alichagua kwa mapenzi, leo aambiwe zawadi yake ndiyo iliyomwitia Diwani ugonjwa? Akaona heri anyamaze. Kila asubuhi aliondoka nyumbani na shati lake, akifika mtoni analivua, analikunja vizuri juu ya kichuguu, anachunga kifua wazi kama mtoto.

Njia ya mwongo ni fupi. Apolot alimletea uji mchana, akamkuta hivyo. Alilitazama shati pale kwenye kichuguu, akaweka kibuyu chini.

"Imekuchosha?"

"Ni jua tu, mama."

"Jua gani na haya mawingu?" Sauti ikamkatika. "Si ungesema tu huitaki."

Machozi ya Apolot yalimuuma mzee kuliko mbung'o yeyote. Akamwambia yote: damu, mtego, rangi. Apolot akaketi kwenye nyasi.

"Kumbe ni mimi nilimwita huyo mdudu."

"Wewe ulininunulia shati. Mdudu alijialika mwenyewe."

Hapo mbele yao Diwani alikuwa akila, polepole, lakini anakula. Apolot alimtazama. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tangu waoane, naye aliliuliza akiwa ameelekeza uso mtoni.

"Lakini uliipenda kweli, ama ulikuwa unanionea huruma?"

"Apolot," Egwang akasema, "watu wote wanaweka nguo nzuri wangojee Jumapili. Mimi nilishindwa kungoja."

Mama alimmiminia uji, akavua leso yake ya kahawia, akamfunika nayo mabega.