Pumzi za Babu Kwenye Kioo

"Mama, mbona na wewe unaacha kupumua?" Nilimuuliza hivyo muuguzi wa Kasongo siku baba na mimi tulipomletea, kwa pikipiki kutoka Kabambare, kadi ndogo inayohifadhi kumbukumbu za ile mashine inayompulizia babu hewa usingizini. Kwenye kompyuta, pumzi za babu zilikuwa mustari mmoja murefu. Kidole cha muuguzi kiliufuata bila kugusa kioo. Ukipanda, kifua chake kinajaa. Ukishuka, anashusha mabega. Ukilala, anatulia kabisa, hapepesi hata jicho. Mimi niliona vilima vizuri tu: vinakua, vinapungua, kisha tambarare, tena vilima. Yeye alikunja uso. "Koo iko wazi," alimwambia baba. "Pale mustari unalala, hewa inaweza kupita, lakini mwili hauiombe. Pumzi zikikua na kupungua hivi, naogopa ni moyo. Mumulete muzee kwa dokta haraka." Tulimleta, na dokta akakuta moyo umechoka kweli, akampa dawa. Babu angali hai, anagombeza mbuzi kila asubuhi. Mwaka huu, nikikaribia kumaliza shule, nilimkumbusha muuguzi swali langu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Eh, mutoto, bado unatembea na hiyo swali? Mimi ninasoma mustari na kifua yangu, ninapumua sawa na mugonjwa; nikipumua muzuri tu, nitasoma pole pole. Na babu yako hakukuwa na wakati."