Kiatu cha Kapita

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa waya hata mmoja. Nilikuwa muyede, yaani msaidizi wa fundi mwashi, huko Nyakabanda, nikibeba mchanga kwa karai. Nilikuwa nimesoma shule ya msingi tu, na mbele za watu mdomo wangu ni mzito. Kapita wa umeme, yaani msimamizi wa mafundi umeme, mzee aliyekulia Uganda, alinitazama akasema, "Weye huongei. Umeme inapenda mtu kimya. Njoo."

Nikahamia kwake. Alinifundisha waya wa moto, unaoleta umeme, na nyutro, unaourudisha. Alinipa testa, bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini, inayowaka ikigusa moto. Tulifanya kazi Kimihurura chini ya mhandisi aliyetuita "nyinyi wa waya", kisha tukaanza kuitwa kwenye nyumba za watu.

Kapita alikuwa na sheria moja. Kabla ya kugusa ukuta alizima breka, swichi kuu ya kukata umeme, kwenye kisanduku cha umeme, akavua kiatu cha kushoto na kukiacha sakafuni chini yake.

"Karatasi watu hawasomi," alisema. "Lakini kiatu kimoja? Kila mtu atajiuliza mwenyewe iko wapi."

Waashi na mafundi rangi wote waliijua alama hiyo. Hakuna aliyegusa breka mpaka arudi kukivaa. Walimtania: "Kapita, soksi imetoboka!"

"Hiyo ni dirisha. Fanya kazi."

Kibagabaga tuliitwa na Mama Keza. Alikuwa anapamba upya chumba cha kulala: rangi mpya, na kitanda kuhamia ukuta wa pili. Swichi ya zamani ingebaki nyuma ya kabati, kwa hiyo tulipaswa kuweka mbili, moja mlangoni na moja kitandani, taa iwashwe huku na kuzimwa kule. Hiyo huitwa swichi ya njia mbili. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote, na Kapita alikuwa ameniachia niifanye peke yangu. Yeye alipanda darini kuvuta waya. Kiatu chake kilikuwa mahali pake kwenye korido. Nilipima kwa testa, haikuwaka. Nikaanza kumenya waya.

Katika nyumba ile hakuna anayeingia na viatu. Vyote huachwa mlangoni. Vestina, dada wa kazi, alikuwa anapiga deki korido. Akaona kiatu chenye vumbi la saruji kwenye sakafu yake, akadhani mzee amekisahau. Akakichukua, akakiosha, akakianika juani. Mama Keza akarudi kutoka sokoni, akakuta friji iko kimya na breka iko chini. Akaipandisha.

Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka mkono wangu wa kulia ukiwa umeshika waya na kukataa kuachia, na Kapita akiita jina langu kutoka darini. Mama Keza alisikia ukelele, akaishusha breka.

Daktari alisema mishipa ya fahamu imeungua. Vidole vitatu havifunguki tena. Vestina alikuja hospitali na kiatu ndani ya mfuko.

"Kaka, nilikiona kichafu," alisema akilia. "Nilikiosha tu."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nikachungulia ndani ya mfuko. Kiatu kilikuwa kinang'aa.

Wanaoandika habari za kazi zao kwa kawaida ni wazee waliostaafu. Mimi sijaota hata ndevu za kutosha, na kazi yangu imekwisha. Naandika kwa mkono wa kushoto, polepole, na herufi zinaanguka. Mwanzoni Kapita alikuwa ananiambia, "Utarudi." Siku hizi haniambii. Jioni nikiwasha taa nyumbani, naitazama swichi kama mtu anavyomtazama rafiki aliyeacha kumsalimia.

Bado Kapita huniita, kwenye nyumba zenye watu wengi. Huniwekea kiti chini ya kisanduku cha umeme, naye anapanda darini. Sina ninachofanya. Nakaa tu, mkono mbovu kwenye paja, nikisikiliza mwingine akimenya waya chumbani.

"Iko mtu pale?" anauliza kutoka juu.

"Niko, mzee."

"Basi."

Kapita sasa hufanya kazi akiwa amevaa viatu vyote viwili.