Kwanza Muulize Mwenyeji

Kuna siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani, na mambo mengi ya maana yameshanitoka. Mbuzi wetu mwekundu, mkaidi kama mama yake, alipotea huku Maktau. Tukatumwa kumtafuta, mimi na rafiki yangu. Hatukumpata, alirudi mwenyewe. Mbuzi ana akili kuliko mtoto. Lakini kichakani tuliokota maganda ya risasi za zamani na kopo la nyama la Wazungu lililoliwa na kutu. Basi tukasahau mbuzi, tukaanza vita. Mimi Mwingereza, yeye Mjerumani. Nilishinda, maana nilikuwa mkubwa, nikarudi nyumbani naimba, nagonga kopo.

Babu alikuwa mlangoni anasokota kamba ya mkonge. Kamba za siku hizo zilikuwa kamba, si hizi za plastiki mnazofungia magodoro pale Voi. Tuyaache hayo. Akaniuliza nimemshinda nani. Nikamwambia, Mjerumani. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akanisimulia jinsi Wazungu wa aina mbili walivyokuja kupigania hapa hapa, Wajerumani wakitokea ng'ambo ya Taveta, Waingereza wakitokea Voi na reli yao. Kila mmoja alisema amekuja kutuokoa na mwenzake. Babu alibebeshwa masanduku. Kaka yake pia alibebeshwa, na yeye hakuonekana tena. Vita vilipoisha, walioshinda wakapiga tarumbeta, wakala, wakacheza.

"Na sisi wenye shamba," babu akaniambia, "hakuna aliyetuuliza kama tumeshinda."

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hiyo mmeisikia mpaka imeisha ladha. Lakini babu yangu alikuwa ndizo hizo nyasi, na mimi nilizisikia zikiongea.

Sasa utauliza, haya yote ya nini? Ni kwa ajili ya Kilelo, mtoto wa dada yangu Wakesho. Leo nimeamka na hamu naye mpaka chai imenishinda. Nilimlea mimi, baba yake alipotelea Mombasa kwa mke mwingine. Alikuwa mtoto wa kuongea na ng'ombe kama anaongea na watu, na ng'ombe walimsikiza. Alipokua akaingia jeshini, akapelekwa Somalia. Aliporudi, aliingia bila kelele, akala viazi vitamu vya jana, akalala. Asubuhi akaniambia, "Mjomba, naomba nisifanyiwe sherehe."

Lakini habari haina mlango. Vijana wetu, na siwalaumu, walishaweka hema uwanjani, spika kubwa, na bodaboda zimefungwa bendera kila moja. Walitangaza kwamba taifa limeshinda na shujaa ni wetu. Na mheshimiwa alikuwa anakuja. Mheshimiwa akija hata kuku wanajua, wanajificha. Nikamwendea mwenyekiti wa vijana, nikamweleza kwamba kwetu zamani mtu aliyetoka vitani hakupigiwa ngoma kwanza. Alifanyiwa kutasa: mzee anachukua maji mdomoni, anayapuliza chini, anataja maneno mema, ili uchungu umtoke mtu moyoni. Ngoma ni baadaye, ikiwa kuna haja. Kijana akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, usijali, maji tumeleta katoni nzima." Watu wakacheka. Nami nilicheka, nisikudanganye.

Mheshimiwa akahutubia, tukapiga makofi. Kisha Kilelo akaitwa mbele, na kijana mwenye maikrofoni akamwambia, "Sasa tuambie, kamanda, mliwashinda aje?"

Kilelo akaishika ile maikrofoni kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Karibu na kambi yetu kulikuwa na mama anauza maziwa ya ngamia," akasema. "Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, nyinyi mtaondoka lini, na wale mnaopigana nao wataondoka lini, ili nilale. Nimemwacha hajalala." Akatazama juu, kwenye hema. "Na mwenzangu wa Mahoo alirudi ndani ya sanduku. Kwa mama yake, huko Taveta, mmeweka hema?"

Yule kijana akashtuka, akaomba makofi ya shujaa, muziki ukafunguliwa.

Mwanangu, sisemi askari asiheshimiwe. Aliyetumwa si mwenye kosa, na anayemdharau hajui baridi ya kulala macho. Mpokee, mpe kiti, akitaka kusema msikize, akitaka kunyamaza nyamaza naye. Nenda ukalie na mama wa Mahoo. Lakini ushindi wa taifa, hapo ngoja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikwenda kwa watu tukiwa wageni na bunduki. Kwa hiyo kwanza muulize mwenyeji, amepona? Kama hajapona, kunja hema. Siku atakapopona ataimba mwenyewe, na wimbo wake tutausikia mpaka huku kwetu.

Mungu akupe mvua ya kiasi na usingizi wa kutosha. Mguu wako usitumwe kwenye shamba la mtu asiyekuita; na ukitumwa, urudi; na ukirudi, ukute mtu wa kukuuliza umelalaje kabla hajakuuliza umemshinda nani.

Lo, nimekubariki kabla sijamaliza. Kilelo aliiweka ile maikrofoni juu ya kiti. Akamshika mama yake mkono, mimi akanitazama tu, akapita nyuma ya hema. Nilidhani anakwenda msalani. Akapita msala, akapita ua wa katani, akashika barabara ya Mwatate polepole, kama mtu aliyetumwa sukari dukani. Watu walikuwa wanacheza. Hajarudi mpaka leo.