Mama Sare, fundi anayeizunguka dunia kwa mabaki ya kaptula

Saa tatu asubuhi, cherehani iliyo karibu na dirisha inanguruma kama imechokozwa. Mezani kuna mrundo wa kaptula za shule, zote za buluu iliyokoza, zote zinangoja zipu. Mwenye cherehani anamaliza moja, anakata uzi kwa meno, kisha anachungulia mlangoni kama mtoto anayetaka kuiba sukari. Hakuna mteja. Anainama, anavuta kikapu kutoka chini ya meza, na uso wote unachanua.

"Karibu duniani," anasema, na kujimwagia vipande vya vitambaa mapajani.

Wateja wanamwita Mama Sare. Kwa zaidi ya miaka ishirini amewavisha watoto wa mtaa huu, na sasa anawavisha watoto wa wale watoto. Chumba chake cha kazi ni chembamba hivi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Ukuta wa kushoto umetundikwa mashati meupe. Wa kulia ndio unaowasimamisha wapita njia. Umejaa picha za vitambaa, kila moja ukubwa wa sinia, zilizoungwa kiraka kwa kiraka, zikatiwa pamba nyembamba katikati na kushonwa kwa mkono mpaka zikatuna kidogo. Wengine huziita kwilti. Yeye huziita "safari zangu".

Yote yalianza kwa kuchoka.

"Buluu, nyeupe, kijivu. Buluu, nyeupe, kijivu. Nilifika mahali nikawa naota buluu," anasema akicheka. "Nikamwambia mume wangu, nikishona kaptula nyingine nitalia. Akanijibu, lia, ila usilowanishe kaptula za watu."

Wakati huo binti yake wa mwisho alikuwa ameazima maktaba kitabu kikubwa cha picha za nguo za mataifa. Mama Sare alikifungua akingoja pasi ipate moto. Akakutana na nguo kuukuu za wakulima wa Japani, za buluu nzito, viraka juu ya viraka, zimeshonwa kwa uzi mweupe kwa mishono midogo kama punje za mchele. Pasi ikapata moto, mwenyewe hana habari.

"Nikaangalia kitabu, nikaangalia chini ya meza. Buluu ninayo gunia zima! Uzi mweupe ninao! Nikajiambia, kumbe mama umeikalia Japani miaka yote hii na hujui."

Hapo ndipo mkono ulipoanza kumwasha. Mabaki ya sketi za drafti yakawa Uskochi, nchi ya nguo za drafti. Tai za manjano, kijani na nyekundu zilizokosewa vipimo akazikata mikanda myembamba, akazipanga kwa kufuata kente, kile kitambaa cha Ghana kinachofumwa kwa mikanda ya rangi kali. Panama ndiyo iliyomtoa jasho. Huko wanawake wa kabila la Waguna hupanga vitambaa tabaka kwa tabaka, kisha hukata cha juu ili rangi ya chini ichungulie.

"Niliifumua, nikaishona, nikaifumua tena. Mwisho niliitupa chini, nikaikanyaga. Halafu nikaiomba radhi, nikaiokota."

Kilichomshinda kabisa ni batiki ya Indonesia. Sare hazina maua, na hakutaka kuchora kwa rangi. Ndipo asubuhi moja, ndani ya mfuko aliodhani ni wa matambara ya gereji, akaona kitambaa cha kahawia chenye majani yaliyojikunja kama moshi. Hakuuliza mtu. Akachukua mkasi.

Mumewe ni makanika, mtu mpole asiye na maneno mengi. Jumamosi ya harusi ya mpwa wake, alifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama watoto, shati langu la majani liko wapi?"

"Shati gani?"

"Lile nililopewa na baharia. Nililitia kwenye mfuko wa kupeleka kwa dobi."

Mama Sare anasimulia jibu lake. "Nikamwambia, liko ukutani."

"Ukutani wapi?"

"Kaa kwanza, baba."

Makanika alikwenda harusini na shati la kazini. Kwa zaidi ya wiki akawa mtu wa kula, kushukuru na kunyamaza.

"Mume akikugombeza utajibu," anasema Mama Sare. "Akisema asante kwa chakula, halafu kimya, utajibu nini?"

Makanika mwenyewe, aliyesimama mlangoni akijifuta grisi vidoleni, anatoa upande wake. "Si shati tu. Yule baharia ni rafiki yangu, alilivua mwilini akanipa, kwa sababu nililisifia. Mtu amebaki kifua wazi kwa ajili yako, halafu wewe uliache likatwe?"

Mama Sare hajitetei. "Nilikosea. Tamaa ya kitambaa ilinizidi. Nilimwomba msamaha jikoni, nikamwomba na kitandani."

Siku hizo mkutubi wa maktaba alikuja kupimiwa sare ya mwanawe, akasahau kilichomleta. "Dada, hizi haziwezi kukaa hapa," alisema. Akaomba zitundikwe kwa muda kwenye ukumbi wa kusomea.

Siku ya kufungua, ukumbi ulijaa. Makanika alifika pia, akidai amekuja kuangalia feni moja inayopiga kelele. Hakuitazama feni. Alisimama mbele ya batiki, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kumtembelea jamaa.

Bwana mmoja aliyevaa suti akaipenda picha hiyohiyo. Akatoa pochi, akauliza bei. Mama Sare alimgeukia mumewe. Mumewe akasogea, akasimama kati ya yule bwana na ukuta.

"Samahani, bwana. Hiyo haiuzwi."

"Kwani wewe ndiye uliyeishona?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa nimeivaa."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama Sare alicheka mpaka akashika meza. Kicheko kilipotulia, mumewe alimwinamia sikioni. "Hapo limekaa vizuri. Mwilini kwangu vifungo vilikuwa vinaomba msaada."

Tangu siku hiyo makanika ndiye mletaji mkuu. Madereva wa masafa marefu wanaotengeneza magari kwake wanajua kwamba kitambaa cha mbali kinaweza kuwapatia huduma ya haraka. Akifika nyumbani hukiinua juu na kutangaza, "Hiki ruksa!"

Sasa Mama Sare ameanza picha isiyotoka kwenye kitabu chochote. Ameichora kwa chaki kutokana na anachokiona dirishani: mabati yaliyopauka, kamba za nguo, mlango wa kinyozi uliopakwa rangi ya machungwa, madimbwi baada ya mvua. Anataka mishono yake iwe na mpangilio wake, usiofanana na wa mtu mwingine.

"Nimewaiga wote, na wote nawashukuru," anasema, huku akivaa kidoleni subana ya kuzuia sindano. "Lakini nataka siku moja huko mbali, mwanamke nisiyemjua aweke picha ya kazi yangu mbele yake, akune kichwa, aseme, 'Huyu mama alifanyaje hapa?' Na mimi nataka nimsumbue mtu!"