Mchezo Uliomponza Mpole

Kabla hajaanza kuendesha semina, Mama Chachu alizihudhuria, na alizichukia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila likizo walikusanywa ukumbini kusomewa maandishi ya ukutani na mtu aliyewapa mgongo, wenzake wakisinzia hadi chai iletwe. Alipoacha chaki na kuwa mwezeshaji mwenyewe, aliapa kwamba kwake halali mtu. Mtu mzima si mtungi wa kujazwa, alikuwa akisema. Mpe jambo alitende. Akapanga viti duara, akatunga maigizo, na jina la Chachu akalipata humo, maana akiingia chumba kizima kinaumuka.

Kiwanda kimoja cha uchapaji kilimwita awafundishe wafanyakazi namna ya kukabili mabadiliko kazini. Akabuni mwanzo wa kushtua. Walikubaliana na meneja kwamba atasimama kabla hata ya salamu na kutangaza kuwa stoo na karakana zinafungwa, watu wanaachishwa kazi. Kisha Mama Chachu angefichua kuwa ni igizo, wazungumzie walivyojisikia.

Ikawa hivyo. Meneja alitangaza. Mama mmoja wa kujalidi vitabu akaanza kulia. Mama Chachu, kando ya dirisha, alijisemea moyoni: imewaingia. Ndipo akainuka mtunza stoo, ambaye wenzake walimwita Mpole kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Meneja, leo nakwambia, maana sina cha kupoteza. Zile karatasi zilizolowa, ukaniambia nibebe lawama, nikabeba. Paa lililovuja nililisema mimi, ukalipuuza wewe. Hata mke wangu anajua wewe ni mtu wa kujificha nyuma ya wenzio!"

Mama Chachu alipaswa kumkatisha pale pale. Hakumkatisha. Kusema kweli alinogewa; hajapata kuona semina ikipamba moto namna ile. Alipopiga makofi hatimaye na kusema, "Jamani, lilikuwa igizo tu!" watu walishusha pumzi, wakacheka. Mpole alikaa taratibu, akatazama viatu vyake. Meneja alitabasamu kwa meno tu. Wakati wa kuagana watu walimshika mkono mgeni wao, wakiapa hawajawahi kupata semina kama hiyo.

Baada ya majuma machache yule mama wa kujalidi akampigia simu. "Mpole wetu kahamishiwa getini. Stoo kapewa mpwa wa meneja. Mwenyewe kaona bora aache kazi."

Mama Chachu aliacha chakula mezani. Akaenda kwa meneja.

"Yale aliyasema ndani ya mchezo wangu," alimsihi.

"Mchezo wako," meneja akajibu, "lakini mdomo wake."

Akaenda nyumbani kwa Mpole. Mkewe alimfungulia, akamkaribisha kiti kizuri, na ukarimu ule ukamchoma kuliko matusi. Mpole akatoka uani, mikono ina povu la sabuni.

"Kaka, nimekukosea. Nilikutega."

"Maneno yalikuwa yangu, dada. Nilikuwa nayo siku nyingi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ila siku ya kuyatoa ningependa niichague mwenyewe."



"Na mimi kunitaja!" mkewe akadakia. "Maneno ya chumbani, baba watoto, unayamwaga ukumbini?" Wote wakacheka kidogo.

Mama Chachu alijitolea kumtafutia kazi. Mpole alikataa kwa upole uleule. Shemeji yake ndiye aliyempatia nafasi baadaye, stoo ya hospitali, mbali na nyumbani, akawa anarudi mwisho wa juma tu.

Tangu hapo Mama Chachu hatumii mtego. Husema mapema kipi ni igizo, na asiyetaka kushiriki hukaa akatazama. Zipo semina zinazopooza, huziacha zipooze.

Mwaka uliofuata mkurugenzi wa kampuni nyingine akamwita. "Tuletee ile ya kufukuzwa kazi. Nasikia inachangamsha kweli."

"Hiyo siifanyi tena."

Akaulizwa sababu, akaieleza yote, hata alivyosimama dirishani akifurahi. Mkurugenzi akaangua kicheko. "Kumbe huyo Mpole mkali!"

Mama Chachu akachukua mkoba wake, akaaga.