Poda ya Mapasa

Nilizaliwa mtaa wa Kikula, nyuma kidogo ya pacha wangu wa kiume, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna kitu kilichotolewa kwa mtu mmoja. Sisi huku Likasi mapacha tunawaita mapasa, na kwa watu wa upande wa mama yangu, ambao ni Waluba, mapasa wana sheria yao. Ukimpa mmoja muwa, mpe na mwenzake. Ukimnunulia mmoja viatu, rudi sokoni. Ukisahau, yule uliyemnyima ataugua, na lawama zitakuja kwako. Nakumbuka shangazi mmoja alitutembelea na andazi moja tu mkobani. Maskini, alivyohangaika! Alilikata katikati mbele yetu, akaangalia vipande, akamega tena kidogo upande huu, mpaka mama akamwambia inatosha.

Hata fimbo ilikuwa ya wote wawili. Pacha wangu akivunja sahani, mama alimchapa yeye, kisha akanigeukia mimi niliyekaa kimya nachambua sombe, majani ya muhogo.

"Minye nimefanya nini?"

"Haukufanya kitu. Ni juu mwenzako asibakie peke yake."

Jamani! Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu. Lakini leo nikikumbuka naona kwamba hiyo ndiyo haki pekee niliyowahi kuionja mzima mzima, tamu na chungu.

Tuliingia masomo pamoja. Kwetu shule tunaiita hivyo, masomo. Tulikaa benchi moja, kitabu kimoja katikati. Na nitasema wazi, maana sioni sababu ya kujificha: darasani nilikuwa namshinda. Yeye mwenyewe anakubali mpaka leo. Hesabu zake alikuwa ananakili kwangu, tena vibaya, mtu unanakili na bado unakosea!

Tulipofika sekondari, mwalimu wa uraia alitufundisha kwamba sheria ya nchi inampa kila mtoto shule ya msingi bila kulipa. Nikanyoosha mkono. Na sekondari je? Akasema huko serikali itafika pole pole. Nikauliza itafika lini, darasa likacheka. Mimi nikakasirika, nikasimama kabisa. Nikasema basi nitakuwa Waziri wa masomo mimi mwenyewe, na siku hiyo mtoto wa mchimba mawe na mtoto wa mkubwa watakaa benchi moja, kila kartie, yaani kila mtaa, itakuwa na shule yenye madirisha, na hakuna mtoto atakayesimamishwa nje ya geti kwa sababu ya baba yake. Walicheka mpaka wakachoka. Tangu siku hiyo wakaniita Madamu Waziri. Walidhani wananitania, kumbe mimi nililipenda lile jina. Wasichana wengine waliongea habari za ndoa, mimi nilikuwa napanga madarasa kichwani. Niliamini kabisa kwamba nchi hii inanisubiri.

Mwaka wa nne wa sekondari mambo yaliharibika. Mahali baba alipokuwa anachimba mawe ya shaba pamoja na wenzake palizungushiwa ua, wakaambiwa wasirudi. Tukabaki na biashara ya mama ya unga wa mahindi sokoni. Minerval, yaani karo yetu, baba aliweza kulipa ya mtoto mmoja tu, na shule ikaiandika kwa pacha wangu kwa kuwa ndiye mkubwa.

Asubuhi moja prefe, mkuu wa shule, akaingia darasani kuwatoa wasiolipa. Akaniita mimi. Nikasimama. Pacha wangu naye akasimama.

"Weye umelipa. Ikala."

"Sisi tuko mapasa, prefe."

Darasa zima likacheka, na prefe mwenyewe akacheka, lakini pacha wangu hakukaa. Akachukua mfuko wake akanifuata nje. Tukasimama getini na wengine waliofukuzwa. Malori ya mawe yalikuwa yanapita kuelekea Lubumbashi, yamejaa, yamefunikwa maturubai, na vumbi lake likatuingia puani tukakohoa wote. Nikamwambia, ona, utajiri wa nchi yetu unapita hapo na sisi tumesimama tunameza vumbi lake. Akanijibu, "Waziri, usisahau hii siku ukipata kiti." Tukacheka. Tulikuwa bado tunaweza kucheka.

Baba hakucheka. Wakati huo alikuwa ameshakuwa shemasi katika kanisa letu la maombi, na alipopata habari kwamba amelipa karo na mtoto aliyelipiwa yuko nje kwa hiari yake, alituweka chini sebuleni.

"Ile mambo ya mapasa ni ya bankambo, ya babu ya zamani, haiko ya bantu wenye kuokoka. Imeisha leo." Kisha akanigeukia mimi na sauti ikashuka. "Weye mama, utabakia kwanza. Ndugu yako amalize. Akipata diploma, weye utarudia mu masomo. Minye baba yako nasema."

"Juu ya nini minye njo nibakie?"

"Juu weye ni mwanamuke. Utaolewa. Yeye njo atachunga hii nyumba."

Angalia hapo. Miaka yote alifuata desturi ya mapasa ilipokuwa ya maandazi na fimbo. Ilipofika kwenye minerval, ndipo akakumbuka kwamba ameokoka. Mama alibishana naye mpaka sauti ikamkauka, haikusaidia. Nilimkasirikia baba, bado namkasirikia, na nampenda, na mambo hayo mawili yanakaa moyoni mwangu bila kupatana.

Nikaacha masomo, nikaenda mtoni na wanawake wanaosafisha mawe. Unasimama ndani ya maji tangu asubuhi, unatikisa chekecheo mpaka udongo uondoke na mawe ya kijani yabaki, mgongo unauma, ngozi ya miguu inajikunja. Jioni nilimsaidia mama kuuza unga. Wenzangu wakipita na mashati meupe na sketi za bluu niligeuka upande mwingine nikajifanya natafuta kitu ndani ya gunia. Niliona haya, kana kwamba ni mimi niliyefanya kosa.

Lakini nilikuwa nangoja. Naomba mtu anielewe hapo, sikuwa nimeacha, nilikuwa nangoja. Baba alikuwa ametoa neno lake. Kwa hiyo nilitaka pacha wangu apate ile diploma ya kumaliza sekondari kuliko alivyoitaka yeye. Kila alipotoka masomo nilimkalisha chini anieleze walichofundishwa. Nilisahihisha hesabu zake. Akichoka, akitaka kwenda kucheza mpira, nilimpigia kelele mpaka majirani wakasikia: "Soma, weye! Haiko ya weye peke yako!" Alikuwa anarudi kukaa, kichwa chini. Alijua.

Mwaka alipomaliza, matokeo ya mtihani wa Serikali yalitoka wakati wa kiangazi, asubuhi ya baridi na vumbi. Siku hizi unatuma namba yako kwa simu na unangoja jibu. Pacha wangu akanipa simu mimi. Ni mimi niliyesoma. Amefaulu! Nilipiga ukelele nikasahau kwamba nina koo.

Uani kukajaa watu mara moja. Nchini kwetu anayepata diploma anamwagiwa poda, ile nyeupe ya watoto wachanga, kichwani, usoni, shingoni, mpaka yabaki macho tu, kisha anazungushwa kartie na nyimbo. Wanawake wa jirani walikuja na makopo yao wamekwisha kuyafungua. Wakamvamia pacha wangu. Alikuwa anacheka na kupiga chafya, na wingu la poda limemzunguka. Mimi nilisimama kando napiga makofi.

Ndipo mama yangu akapasua lile kundi, akanishika mkono, akanivuta katikati.

"Mumwangie na huyu! Nilibazala siku moja!"

Wanawake wakasita. Wakamtazama baba, shemasi. Baba siku hiyo alikuwa na furaha, akacheka tu, akafanya ishara ya mkono kwamba haina neno. Basi wakanimwagia. Poda baridi ikashuka mpaka mgongoni. Nikakohoa, nikacheka, nikalia, yote kwa pamoja, na pacha wangu akanikumbatia tukawa donge moja jeupe. Nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Nilijiambia: sasa ni zamu yangu. Masomo yakifunguliwa, nami nitaingia.

Baba akainua mikono, akaomba, akamshukuru Mungu kwa urefu, kama kawaida ya mashemasi wanapopewa nafasi. Baada ya amina akatangaza kwamba kijana wake ataenda Lubumbashi kusoma chuo kikuu, na kila mtu wa nyumba hii atajikaza. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Baba," nikasema, "na minye?"

Akanitazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Weye, mama? Sasa uko mukubwa. Utaikala na batoto kidogo mu darasa moja? Weye unajua soko. Unasaidia mama yako muzuri sana."

"Baba, ulisema," pacha wangu akaingilia. "Ulisema mbele yetu."

"Nilisema, ni kweli. Lakini franga ya masomo itatosha paka muntu moja tu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionimaliza, kwa sababu mtu mkali unaweza kubishana naye. Pacha wangu akafungua mdomo tena, baba akamwekea mkono begani, wale wanawake wakaanza wimbo. Mama alinitazama, akaniomba niende sokoni kuleta sukari ya wageni. Nadhani alitaka kunipa mahali pa kwenda.

Nikatoka jinsi nilivyokuwa. Sikujipangusa. Sijui kwa nini. Labda kwa hasira, labda nilitaka watu wanione. Watu wa kartie yetu walijua mambo yetu, lakini ukivuka tu barabara kubwa hakuna anayekujua, na mtu mwenye poda usoni siku ile alikuwa na maana moja tu. Waendesha pikipiki wakapiga honi kunipongeza kama mhitimu. "Felisitasyo, finaliste!" Mzee mmoja fundi cherehani akasimama mlangoni kwake akanivulia kofia. Vijana wakaniuliza nimepata asilimia ngapi, nikawatajia za pacha wangu, wakashangilia. Mwanzoni nilitaka ardhi inimeze. Halafu, ee Mungu nisamehe, nikaanza kuona utamu. Nikanyoosha shingo. Nikawa napunga mkono. Mpaka kufika sokoni nilikuwa nimeshapata diploma.

Karibu na wauza samaki wakavu mama mmoja akanishika mkono. Alikuwa na binti yake mdogo, anapanga mafungu ya samaki mezani, mtoto mwembamba mwenye macho makubwa.

"Simama kidogo, mama. Ni diploma?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshapitisha kidole shavuni mwangu, akachukua poda, akampaka binti yake kwenye paji la uso.

"Pokea, mutoto yangu. Na weye siku yako itafika. Sema amina."

"Amina," akasema mtoto.

Mama yule akaniambia kwamba binti huyo ndiye wa kwanza darasani kwao, mwaka unaokuja anamaliza shule ya msingi, na baada ya hapo itabidi kulipa, hajui atalipa na nini. Yuko na kaka yake pia, wanamaliza pamoja. "Lakini leo nimeona weye," akasema, "na moyo yangu imetulia."

Mtoto alikuwa ananitazama usoni. Aliniamini. Njia nzima niliweza kuwadanganya watu wazima, lakini macho yale yalinishinda.

"Mama," nikasema, "hii poda haiko ya minye. Ni ya ndugu yangu. Tuko mapasa, njo maana walinimwangia na minye. Minye walinitosha mu masomo, nikabakia ku nyumba."

"Juu ya nini?"

"Minerval ilitosha paka kwa muntu moja."

"Na wakachagua kijana."

"Ndiyo, mama."

Akauachia mkono wangu. Hakunitukana, hakunicheka. Alisema tu, "Pole, mutoto yangu," na aliisema kwa moyo. Kisha akamvuta binti yake karibu, akalowesha ncha ya kikwembe alichojifunga kwa mate, akaanza kumpangusa paji la uso.

"Mama, juu ya nini unaitosha ile poda?" mtoto akauliza.

Mama yake akamshika kidevu. Akageuza upande mwingine wa kikwembe, uliokuwa safi, akapangusa tena.